Kadi ya Vichwa Vinne

Cedar Fork, Iowa
9 Juni 1977

Shangazi Bronia mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mahindi, maana huku ukigeuka kushoto mahindi, ukigeuka kulia mahindi. Mimi sijambo. Nakula, nalala, nafua mwenyewe. Wewe je? Nyonga imetulia? Na paka amerudi, au ndiyo kahamia kwa Wendell kinyozi moja kwa moja? Msalimie huyo Wendell. Mwambie nywele zangu siku hizi zinakatwa na mtu anayezionea huruma.

Baada ya hayo, toa hicho kilichofungwa kwa karatasi ndani ya bahasha. Taratibu, usikikunje. Umeona? Ni mimi! Kadi, Shangazi! Jumamosi benki ya hapa iligawa kadi za timu yetu nzima, kila aliyenunua soseji mlangoni mwa uwanja akapewa fungu lake. Mbele nimeshika mpira, nyuma kuna urefu wangu, uzito wangu, na “Marne Hollow, Ohio” imeandikwa bila kosa hata moja.

Sasa naomba jambo. Ile fremu ya ukutani jikoni kwako, yenye watu wa wilaya yetu waliocheza besiboli, kila mmoja na kadi yake ya chipukizi, ina pengo chini mkono wa kulia. Ulisema ni langu tangu siku niliyovunja dirisha la padri kwa mpira. Basi lizibe. Nimezeeka kwenye ligi za chini hizi, na wewe ukipita kila asubuhi na chai yako unatazama karatasi tupu. Itie kadi hiyo, nami nitalala usingizi mzuri.

Wako mtiifu,
Emil


Marne Hollow, Ohio
20 Juni 1977

Emil mwanangu,

Barua imefika, na wewe ndani yake umefika, umenenepa mashavu. Huku tu wazima isipokuwa nyonga yangu, ambayo ina siasa zake. Paka yuko kwa Wendell. Anapewa maini kule, mimi nani hata nimlaumu? Wendell mwenyewe alipita Jumapili kurudisha bakuli, akakaa, akala pierogi, zile sambusa zetu za kuchemsha za viazi, mpaka nikahesabu sahani. Bustani ya kabichi imeliwa na sungura. Binti wa Kowalik ameolewa na mtu wa bima.

Sasa hilo jambo lako. Hapana.

Usinune, soma kwanza. Umelelewa jikoni humu, kanuni unaijua kama unavyojua Baba Yetu. Kadi ya chipukizi ni ya kwanza ya mchezaji kutoka kwa kampuni inayouza nchi nzima. Inatoka ndani ya pakiti iliyofungwa, na kile kipande cha chingamu kigumu kama kigae, na anayeinunua hajui atakutana na uso wa nani. Anaweza kuwa Maine, anaweza kuwa Texas, hakujui wala hajawahi kusikia jina la mama yako. Hii yako imegawiwa mlangoni na soseji, kwa watu waliokuja kukuona wewe. Hiyo ni picha, Emil. Picha nzuri. Lakini ukutani kwangu hapakai picha.

Wendell naye anasema niwe na moyo, nikutilie. Nikamwambia fremu si kichwa cha mtu, akate apendavyo. Akacheka mpaka chai ikampalia.

Kula vizuri. Jifunike usiku.

Shangazi yako,
Bronia


Cedar Fork, Iowa
2 Agosti 1977

Shangazi,

Salamu. Mimi mzima. Mvua inanyesha. Tumeshinda, tumeshindwa.

Kadi umeikataa, sawa. Usinirudishie.

Juzi alikuja mtu na kamera, akatupanga wanne watano ukutani, akatupiga picha tukiwa na kofia za hapa, akaenda zake. Hakusema za nini wala sikumuuliza. Nimechoka kupigwa picha.

Emil


Marne Hollow, Ohio
12 Agosti 1977

Emil wangu mwenye hasira,

Barua yako fupi kama sketi ya siku hizi. Nimeisoma nimesimama, nikaimaliza kabla birika halijachemka.

Haya, mimi nitasema kwa wote wawili. Tumepata padri mpya, anahubiri kama anakimbilia treni. Nyanya zimeiva zote siku moja. Wendell amenipakia rangi ukumbini, sikumwomba. Bi. Ostrander wa nyumba ya pili anasema watu wanasema. Nikamwambia watu wana midomo, waitumie. Na ndiyo sababu sikupigii simu, maana laini tunagawana naye, na masikio ya mama yule hayalali.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Nilipokuwa msichana, kabla sijaanza kazi kiwanda cha vioo, nilinunua pakiti yangu ya kwanza ya kadi. Kaka zangu walinicheka, wakasema msichana anataka nini na besiboli. Nikafungua, nikakutana na mtu wa Alabama, masikio yametoka, anakodoa macho kwa jua. Sikumjua. Sikuwahi kumwona akicheza hata siku moja. Lakini tangu siku ile nilitafuta jina lake gazetini kila asubuhi, akipata nafurahi, akikosa nakosa hamu ya kula. Alicheza misimu miwili tu, akapotea. Bado ninayo kadi yake. Mtu yule hakujua kwamba yuko msichana Ohio anayemwombea, na mimi sikuhitaji ajue.

Hiyo ndiyo kadi, mwanangu. Inamfikia asiyekujua. Mimi nakujua sana, nilikufunga nepi, siwezi kuwa shahidi wako. Nangoja huyo asiyekujua.

Niandikie barua yenye nyama.

Bronia


Njiani, hoteli sijui ya wapi
18 Septemba 1977

Shangazi Shangazi Shangazi!

Keti. Umeketi? Wameniita juu! LIGI KUU! Meneja alinikuta nakula mayai, akasema, “Drozd, fungasha, unapanda ndege saa nane.” Mayai niliyaacha, na unajua mimi siachi mayai.

Nipo kwenye timu kubwa siku ya tano leo. Kabati langu lina jina langu. Kofia mpya, nusura niivae hata kuogea. Kazi yangu ni kukaa kule pembeni ya uwanja pamoja na warushaji wa akiba, kungoja simu ya meneja ilie. Ikilia tunasimama wote kama mbwa waliosikia mlango. Mpaka sasa haijaniitia mimi. Kesho huenda.

Na sikiliza hili: yule mtu wa kamera alikuwa wa kampuni! Ile yenyewe, ya pakiti! Wenzangu wa Iowa wamenithibitishia. Nyonga haijambo? Wendell anakula kwako siku ngapi kwa wiki sasa?

Wako anayeruka,
Emil


Marne Hollow, Ohio
30 Septemba 1977

Mwanangu, mwanangu,

Nimelia kwenye unga wa mkate, mkate ukaumuka vizuri kuliko siku zote. Padri ametangaza jina lako kanisani, kakosea kulitamka, tukamsahihisha kanisa zima kwa sauti moja. Kinyozini kwa Wendell redio haizimwi. Kila mechi tunangoja mtangazaji akutaje. Bi. Ostrander, ambaye hajui mpira ni wa duara au wa pembe, ananiuliza kila asubuhi, “Karusha?”

Je, umerusha? Msimu unaisha. Hata mpira mmoja tu, niambie.

Pengo nimelipangusa vumbi. Sisemi zaidi, nisije nikalitia kijicho.

Wendell anakusalimia. Siku anazokula hapa si hesabu yako.

Bronia


Cedar Fork, Iowa
19 Desemba 1977

Shangazi,

Krismasi njema kwako na kwa nyumba nzima. Samahani nimekawia. Nimebaki Iowa majira haya ya baridi, napakua magunia kwenye ghala la mtu mwema aitwaye Hiram, kazi inaniweka sawa. Theluji ni ya magotini. Chumba kina jiko zuri la kuni. Soksi ulizofuma zinanitosha.

Februari nakwenda Arizona kujiandaa na timu kubwa. Kiwiko kiliniuma kidogo, si kitu.

Nakupenda. Kula keki yangu.

Emil


Marne Hollow, Ohio
17 Machi 1978

Emil, Emil, Emil,

Hujambo? Nasema haraka leo, salamu zote zichukue kwa pamoja, za paka humo humo, amerudi nyumbani, na Wendell kamfuata nyuma.

Pakiti za mwaka huu zimefika duka la dawa! Nilikwenda kabla hawajafungua, nimesimama na nyonga yangu kwenye baridi. Nikanunua, nikafungua pale pale kwenye kaunta, hakuna. Nikarudi kesho yake, hakuna. Wendell akasema kampuni itamtumia Emil kadi zake, mwombe moja. Nikamwambia ya kuombwa haihesabiwi, lazima itoke kwenye pakiti. Basi yule mzee akaanza kununua naye kimya kimya, na wateja wake wote wanatafuna chingamu mpaka taya zinauma.

Jana nikaipata.

“Warushaji Chipukizi”, imeandikwa juu. Vichwa vinne kwenye kadi moja, kila kimoja na chumba chake. Wewe ni chini mkono wa kulia, kama pengo lenyewe! Na mwanangu, wamekuchora kofia! Picha ilikuwa ya kofia ya Iowa, sasa mchoraji wao kakupaka ya timu kubwa kwa brashi, kwa haraka, imeinama kama sufuria iliyobonyea, na sikio moja limekwenda nayo. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Sura ni yako lakini, kile kidevu ni cha kaka yangu.

Nimekutia ukutani. Fremu imejaa.

Lazima nikwambie kuna vita. Wendell anadai vichwa vinne si kadi ya mtu yeyote. Anasema, “Bronia, robo ya kuku si kuku.” Nikamjibu robo ya kuku hupikwa na huliwa, kama yeye anavyoila hapa kila Alhamisi. Nimempiga marufuku jikoni hadi atubu.

Unarusha lini? Niandikie!

Bronia


Cedar Fork, Iowa
24 Aprili 1978

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta vizuri, na Wendell umeshamsamehe, maana safari hii yeye ndiye mwenye haki.

Itoe ukutani.

Nilitaka kukuandikia mapema nikashindwa. Timu iliniacha Machi, Arizona, siku chache kabla barua yako ya furaha haijafika. Kiwiko kimekwisha. Daktari alikishika, akakikunja, akaangalia dirishani, nikajua. Niko ghalani kwa Hiram, nauza chakula cha nguruwe, na sijambo kabisa. Nguruwe ni watu wazuri.

Lakini uliniuliza swali Septemba nikalikwepa, nikalikwepa tena Krismasi. Jibu ni hapana. Sikurusha. Nilikaa pale pembeni msimu ukaisha, simu ikalia, wakainuka wengine. Hata mpira mmoja, Shangazi. Kwenye vitabu vya ligi kuu mimi sipo. Hiyo kadi inasema chipukizi, chipukizi wa nini? Kofia yenyewe ya kuchorwa. Wale wengine ukutani kwako walicheza. Wakija watu wakiuliza huyu alifanya nini, utasema nini? Alikaa?

Mwaka jana nilikuomba uniweke ukakataa. Sasa nakuomba unitoe. Najua nyumbani wanangoja kunipokea na ndiyo maana siji.

Emil


Marne Hollow, Ohio
3 Mei 1978

Mwanangu,

Kwanza pole. Pole ya kiwiko, pole ya moyo. Nimekaa na barua yako uani mpaka chai ikapoa, nikalia, nikamaliza. Ningekuwa na nyonga nzuri ningekuja huko huko Iowa nikukumbatie mbele ya nguruwe wote.

Sasa nisikilize. Siitoi.

Mwaka jana ulinililia niivunje kanuni ili uingie, sikuivunja, ukaninunia kiangazi kizima. Leo unanililia niivunje ili utoke, unadhani nitaivunja? Kanuni inataka kadi ya kwanza, ya kampuni ya nchi nzima, ndani ya pakiti. Haiulizi ulirusha mara ngapi. Haiulizi ulikaa au ulisimama. Haisemi chochote juu ya kofia. Kuna watu wana kadi za chipukizi wakaja kuwa wafalme, wengine hawakuonekana tena, na zote huitwa jina moja. Mimi sikuzitunga hizi kanuni, ningezitunga mimi Wendell angekatazwa kuzungumza.

Wakiniuliza ulifanya nini nitasema alirusha mpira tangu ana meno ya maziwa, na katika nchi nzima hii wakamtafuta wakamwona.

Na ile ya Iowa, ya soseji. Hujaniuliza iko wapi. Iko kwenye pochi yangu. Ameiona padri, ameiona daktari wa meno, ameiona kondakta wa basi la Toledo akitaka asitake. Picha ya mtoto wangu natembea nayo. Ukutani ni mahali pa shughuli nyingine.

Hapa hakuna anayekungoja na tarumbeta. Kuna kitanda, na kuna supu. Wendell ametubu nusu.

Bronia


Marne Hollow, Ohio
11 Julai 1978

Emil,

Kimya chako nimekizoea, nakifulia nguo na kukianika.

Huku joto. Matango yamezaa kupita kiasi, nayagawa kwa nguvu. Mimi na Wendell tulikwenda ziwani Jumapili, tukavua samaki mmoja, kila mtu anasema ni wake.

Nakuandikia kwa sababu ya hii bahasha niliyoifunga pamoja. Imetoka Oregon, ikapitia klabu, klabu wakaituma hapa. Imeandikwa jina lako kwa mkono wa mtu mzima, tena mkono mzuri. Wendell alitaka tuishike juu ya mvuke wa birika tuone. Nilikataa. Nilifikiria kwanza, halafu nikakataa.

Simjui mtu yeyote Oregon. Wewe je?

Bronia


Cedar Fork, Iowa
5 Agosti 1978

Shangazi wangu mpendwa,

Salamu zangu zipokee nzima nzima, maana mara hii zina mwenyewe ndani yake. Hiram anakusalimia, na anakula matango, mletee hata gunia. Samaki ni wa Wendell, mwachie, mwanamume akizeeka anahitaji samaki.

Bahasha ya Oregon nilikaa nayo mfukoni wiki nzima. Nilidhani ni bili. Nikaja kuifungua ghalani wakati wa chakula cha mchana, nimekaa juu ya magunia. Nakuandikia ulichokuwa unataka kukiona kwa mvuke.

Ni mama mmoja, Ingrid Solheim, anafanya kazi kiwanda cha samaki wa makopo. Alivunjika mguu Aprili, mpwa wake akamletea pakiti za kadi kumchangamsha. Hajui sana besiboli. Pakiti ya pili akatutoa sisi wanne. Anasema alitukodolea macho siku nzima kwa sababu hakuwa na la kufanya, akatupenda, akaamua atutafute wote kwa posta, mmoja mmoja, tutie sahihi kwenye kadi ile ile. Mguu umepona lakini kadi haijakamilika. Ameandika hivi, nakunakilia: “Bwana Drozd, umebaki wewe tu. Nisamehe nikikusumbua, najua una shughuli nyingi uwanjani. Na nilitaka kuuliza, kofia yako kweli imekaa hivyo?”

Niliangua kicheko nguruwe wa watu wakashtuka.

Kadi ilikuwa ndani, katikati ya vipande viwili vya boksi. Shangazi, wametia sahihi wote watatu. Pryor, ambaye amerudishwa ligi za chini. Yule Mkuba, Arencibia. Na Lucius Tandy, ambaye unamsikia redioni kila jioni, ambaye watoto wanamkimbilia hotelini. Sahihi ya Tandy ni ndefu, ina mikia, mtu wa mbwembwe yule. Lakini alipofika kwenye mpaka wa chumba changu akaibana, akaipandisha juu, herufi za mwisho zimebanana kama watu kwenye lifti. Na wenzake vivyo hivyo. Hakuna aliyenigusa. Kadi imezunguka nchi nzima, imepita mikononi mwa watu watatu ambao hawakujua kama nipo au sipo, na kila mmoja ameniachia nafasi yangu.

Nilikaa pale mpaka Hiram akaniita mara mbili.

Nilijaribu sahihi kwenye gunia kwanza, mkono umekakamaa, hauandiki kama zamani. Halafu nikaitia. Emil Drozd. Nikamwandikia Bi. Solheim ukweli wote, kwamba siko uwanjani, nauza chakula cha nguruwe, na kwamba kofia haikukaa hivyo hata siku moja. Kadi nimeiposta leo asubuhi, nikamsimamia karani mpaka akaipiga mhuri.

Nakuja nyumbani Jumamosi ya wiki ijayo kwa basi la Toledo. Kama yule kondakta yupo, nitamwonyesha uso wangu bila malipo. Kocha wa shule ya Marne Hollow aliwahi kuniandikia akiuliza kama nitapenda kufundisha warushaji wake. Hilo nalo sikukwambia. Nitakwenda kumwona.

Pika supu. Mwambie Wendell nataka kumsikia mwenyewe hiyo habari ya robo ya kuku, tukiwa tumekaa wote watatu mezani, nami nimeelekea ukutani.

Ile kadi iache pale pale.

Wako,
Emil